Jina Ambalo Limi Hakulisoma

Wanawake wa Runazi waliojifunza kusoma ukubwani walikuwa wengi, kwa maana kisomo kilipopamba moto mwanzoni mwa miaka ile ya sabini hakuachwa mtu. Hata bibi asiyeona vizuri alikabidhiwa ubao na chaki. Walioendelea kusoma baada ya mtihani kupita walikuwa wachache, na aliyewapita wote ni Limi, mke wa Kazimili. Wenzake walipata vyeti, wakavitundika ukutani, wakarudi kwenye majembe yao. Limi alisoma kila kilichomjia mbele: gazeti lililofungiwa sukari, maandishi ya gunia la mbolea, kibao cha zahanati. Mumewe alimtania kwamba ipo siku atasoma hata chapa za ng'ombe.

Ukoo wao ulitoka upande wa Kahama mwaka wa 1968, ukifuata malisho: mzee Malongo aliyekuwa amefiwa na mke, na wanawe wawili, Bulugu na Kazimili. Bulugu, mkubwa, alikuwa amemwoa Nshoma. Kazimili ndiye mume wa Limi. Wenyeji Wasubi waliwapokea vizuri, ingawa waliwacheka kwa kuwapa ng'ombe majina kama watu. Mwaka wa 1974 ikaja amri ya kuhamia kwenye kijiji cha ujamaa, wakabomoa walichokuwa wamejenga na kujenga upya kando ya barabara. Ndugu wale wawili walipata viwanja vinavyopakana, wakazungusha ua mmoja wa minyaa, na mzee wakamjengea kijumba chake nyuma ya nyumba ya Nshoma.

Sasa, kwa Wasukuma wale mke hatamki jina la baba mkwe wake. Si kwa kuogopa fimbo. Ni heshima iliyokaa mwilini, kama ile ya kutovua nguo mbele ya watu. Nshoma alipojifungua mtoto wa kwanza, mzee kwa furaha yake alimpa jina lake mwenyewe, Malongo, wala hakufikiria taabu ya wakwe zake. Tangu siku hiyo Nshoma hakuwahi kumwita mwanawe kwa jina lake. Yeye na Limi walimwita Guku, yaani babu, na kijiji kizima kikafuata. Mwalimu Alfonce wa kisomo, aliyekuwa Mhangaza na hakuyajua hayo, siku ya kwanza alimuuliza Limi jina la mkuu wa kaya yao. Limi akanyamaza. Akauliza tena, Limi akaomba chaki, akaandika ubaoni herufi saba alizokuwa amefundishwa na mumewe kwa ajili hiyo, maana kuandika si kutamka. Alfonce alicheka mpaka akafuta machozi, lakini hakumuuliza tena.

Nshoma alikaa kwenye kisomo wiki mbili akaacha. Alisema herufi zinamuuma kichwa. Alipenda kumtania Limi kisimani mbele ya wenzao: "Huyu anasoma, na sufuria yake nayo inasoma, inaungua peke yake." Limi alicheka pamoja nao, lakini utani ukirudiwa miaka mitano huacha kuwa utani, na Limi alikuwa mtu wa kuweka mambo.

Watoto wao wawili, Guku wa Nshoma na Matiasi wa Limi, walipishana mwaka mmoja. Limi ndiye aliyewafundisha herufi za kwanza wote wawili, kwenye ubao mmoja, kabla hawajaanza shule. Lazima isemwe ukweli: Guku alishika upesi zaidi. Matiasi alikuwa mtoto wa bidii, wa kurudia na kurudia, na mama yake alimpenda kwa bidii hiyo, akajipa moyo kwamba bidii italipa. Walianza shule wamechelewa kama watoto wengi wa wafugaji, wakamaliza darasa la saba pamoja mwaka wa 1978, Guku ana miaka kumi na minane, Matiasi kumi na saba. Desemba majina ya waliochaguliwa yakaja. Runazi haikutoa hata mmoja.

Wakati huo vita vilikuwa vimeshapamba moto. Nduli alikuwa amevuka mto Kagera kule kaskazini, na malori ya askari yalipita barabarani usiku na mchana. Redio ya kijiji haikuzimwa. Watu walichanga ng'ombe, mahindi, hata mikeka. Lakini mambo ya shule hayakusimama, na hasa mambo ya Sekondari ya Rubagano, shule ya bweni ya upande wa Ngara, ambayo vijiji vingi viliichangia mahindi na nguvu za watu, vikaiona kama mali yao. Kila muhula mkuu wa shule alituma karatasi moja kwa kila kijiji, imepigwa kwa mashine ya kurudufu kwa wino wa zambarau, yenye kichwa kisemacho Habari za Shule kwa Wazazi. Runazi ilikuwa na wanafunzi watatu tu pale, lakini siku ya kusomwa karatasi hiyo watu walijaa mbele ya ghala la mazao kama wanaogawiwa nyama.

Msomaji alikuwa Limi. Katibu wa kijiji, Xavery, alisoma kiofisi, haraka haraka, na wazee wa Kisukuma walitoka pale hawana walichokipata. Limi alisoma sentensi kwa Kiswahili, akaifafanua kwa Kisukuma, akangoja maswali. Akimaliza aliichukua karatasi akaihifadhi kwake, kwa sababu karatasi zilizobandikwa kwenye mlango wa ofisi hazikumaliza siku mbili kabla ya wazee kuzisokotea tumbaku. Kazi hiyo ilimpa heshima, na heshima ilikuwa tamu. Mzee Malongo mwenyewe alikuwa akibeba kigoda chake kwenda kumsikiliza mkwewe, akikaa mbele kabisa.

Karatasi iliyoharibu maisha ya watu ililetwa na tarishi wa kata kwa baiskeli, tarehe ishirini na mbili Februari 1979. Siku nyingine Limi alikuwa akiipitia kwanza nyumbani. Siku hiyo watu walikuwa wameshakusanyika kwa ajili ya mbegu za maharage, na Xavery alikuwa wilayani Biharamulo kwa mambo ya mgambo, basi mwenyekiti akasema isomwe hapo hapo. Limi akaifungua mbele za watu.

Zilikuwa habari nzuri. Tangi la saruji la maji ya mvua limekamilika, wanafunzi hawateremki tena mtoni na ndoo kichwani. Shule imepata ng'ombe watatu wa maziwa. Wanafunzi wamelima ekari kumi na mbili za mahindi, na nusu ya mavuno itakwenda kwa wapiganaji. Jenereta limesimama, dizeli yote imekwenda vitani, na wanafunzi wanajisomea kwa taa za chemli. Watu wakapiga makofi kwa tangi, wakapiga zaidi kwa ng'ombe. Kisha Limi akafika chini.

"Kwa kuwa bweni jipya limekamilika," alisoma, "shule imeruhusiwa kuongeza wanafunzi kumi na wanne wa kidato cha kwanza. Kila aliyetajwa hapa aripoti na mzazi wake kabla ya tarehe kumi Machi kupita, akiwa na jembe, ndoo na blanketi. Atakayechelewa, nafasi yake atapewa mwingine."

Jicho lilimtangulia mdomo, likateremka kwenye majina likimtafuta Matiasi. Halikumwona. Likarudi juu, likateremka tena, na safari hii likakwama kwenye namba tisa: Malongo Bulugu, Runazi.

Alikuwa anasoma namba sita kwa sauti. Mzee alikuwa hatua tatu kutoka kwake, ameinama, kiganja nyuma ya sikio. Akasoma ya saba, akasoma ya nane. Kisha akasoma ya kumi.

Hakuna aliyehesabu. Majina yalikuwa ya vijiji vya mbali, na watu walikuwa wanangoja mbegu.

Ukweli ni kwamba mdomo wake ulifunga wenyewe. Hilo asingelaumiwa na mtu. Lakini ulimi uliokwepa jina lile miaka yote tangu aolewe ulijua njia zote za kulizunguka. Angesema mtoto wa Nshoma. Angesema Guku, na watu wangeshangilia mpaka malori yasimame. Angemwita mwenyekiti akamwonyesha mstari kwa kidole. Siku ile hakutafuta njia hata moja. Aliikunja karatasi, akaitia kwenye khanga yake, akasema, "Nimemaliza."

Nshoma alimpitia akiwa amebeba maharage yake. "Na Rubagano nao hawakutuona," alisema akicheka. "Hata ukisoma namna gani, mwenzangu, shule si za watoto wetu."

Limi alikuwa ameshakusudia kumwambia hapo hapo, njiani. Baada ya maneno yale akasema moyoni atamwambia kesho.

Kesho ikaja. Kila asubuhi Limi alimpelekea mzee uji, na njia ilipita mlangoni kwa Nshoma. Siku ya kwanza Nshoma alikuwa na wageni. Siku ya pili mvua ilinyesha. Siku ya tatu hakukuwa na sababu yoyote. Nshoma alikuwa peke yake anachambua mchicha, wakasalimiana, wakazungumzia kuku anayekula mayai yake, Limi akapita na uji wake. Siku ya tano Xavery akarudi kutoka wilayani amechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Ndugu Limi, ile karatasi ya shule ilikuwa na jambo la haraka?"

"Tangi la maji na bweni jipya, ndugu katibu," Limi alijibu. "Mambo mazuri tu."

Alilijibu swali hilo bila kupepesa macho. Baadaye, akikumbuka, ni wepesi huo uliomtisha kuliko uongo wenyewe.

Guku hakuwepo siku ya kusomwa. Alikuwa malishoni upande wa Burigi. Alirudi siku ya kumi na mbili. Matiasi, ambaye hakujua lolote, ndiye aliyempa habari kwamba Rubagano waliongeza majina na kwamba la Runazi halikuwemo. Jioni ile Limi alimwona Guku uani anafua shati lake la shule, lile lile aliloliweka kwa ajili ya sekondari.

"Shikamoo, mayu," alimwamkia kama anavyoamkiwa mama.

"Marahaba, Guku. Ng'ombe wazima?"

"Wazima."

Alisimama kidogo na shati linalotiririka maji, kama anayengoja. Limi akaingia ndani. Zilikuwa zimebaki siku nne, na kwa miguu kutoka Runazi mpaka Rubagano ni siku mbili.

Tarehe kumi Machi ilikuwa Jumamosi. Limi alilima kutwa nzima bila kula, akalima mpaka shamba la jirani, na Kazimili akamuuliza kama ana homa. Jua lilipotua alijisikia mwepesi, kama mtu aliyeumwa jino likang'oka. Alifikiri limekwisha.

Siku mbili baadaye Guku akajiandikisha mgambo. Lori lilikuwa linakusanya vijana kupeleka Biharamulo, na kutoka pale kwenda mbele. Nshoma alimshika mkono akilia, akimsihi angoje mwaka mwingine, huenda shule zikamkumbuka.

"Zimenikataa mara mbili, mayu," Guku alimwambia mama yake. "Jeshi halitanikataa." Kisha akageuka kwa Limi, akamshika mikono yote miwili kwa heshima. "Asante kwa herufi. Nitawaandikieni, utawasomea."

Limi alirudi nyumbani akajifungia. Hapo ndipo majuto yalipoanza kumla, na hayakuacha.

Guku aliandika mara moja tu, mwezi wa nne, kutoka mahali asipopataja. Yu mzima, chakula kipo, wasalimie wote. Limi aliisoma barua hiyo uani kwa Nshoma mara tano, kwa sababu Nshoma alitaka kuisikia tena. Baada ya hapo ukimya. Redio ikatangaza ushindi, watu wakacheza ngoma barabarani, Guku hakuandika. Mwezi wa tano ukapita, wa sita ukapita.

Julai, shule zikikaribia kufungwa, karatasi ya Rubagano ikaja tena. Safari hii Limi aliipata mapema, akakaa nayo siku mbili. Ukumbi wa chakula umeezekwa mabati. Maktaba imepata vitabu mia mbili. Na chini kabisa: wanafunzi wafuatao hawakuripoti, nafasi zao zimetolewa kwa wengine. Wa kwanza kati ya wawili alikuwa Malongo Bulugu, Runazi.

Angeweza kuruka tena. Hakuna ambaye angejua. Lakini alikuwa amechoka. Ilikuwa miezi minne hajala akashiba. Alipiga moyo konde kwamba atasoma karatasi yote, herufi kwa herufi, na litakalotokea litokee.

Mbele ya ghala watu walishangilia mabati, wakashangilia vitabu. Mzee alikuwa mahali pake kwenye kigoda. Limi akafika chini, akasoma kwamba wafuatao hawakuripoti, akasema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia:

"Malongo Bulugu."

Wanawake walishika midomo. Mtu mmoja nyuma aliguna. Mzee Malongo akainuka, akachukua kigoda chake, akaondoka bila kumtazama mtu. Kijiji kizima kilimkodolea macho Limi kwa aibu aliyoifanya, kasoro Nshoma. Nshoma peke yake alisikia yale mengine.

"Hakuripoti wapi?" aliuliza. "Limi. Mwanangu hakuripoti wapi?"

"Shuleni. Aliitwa mwezi wa pili. Alikuwemo kwenye karatasi, nikamruka."

"Ukamruka?"

"Mzee alikuwa amekaa hapa," Limi alisema. "Jina lilinishinda. Nikasema nitamwambia katibu akirudi." Hapo alisimama. Watu wote walikuwa wanamngoja. "Nikasahau. Vita, mambo mengi. Nikasahau."

Ujasiri wake ulitosha jina moja tu. Kufika sentensi ya pili ulikuwa umeshaisha. Na watu wakilishwa sababu iliyo safi hawaichimbi. Papo hapo wazee wakaanza kutikisa vichwa kwa huruma, wakisema mila hizi nazo, mama wa watu angefanya nini. Xavery aliandika barua Rubagano siku ile ile. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu: wanasikitika, darasa limejaa, na kwa mwaka ujao umri wa kijana utakuwa umepita.

Mzee hakutoka kijumbani siku mbili. Siku ya tatu aliwaita wanawe na wake zao. Limi alikwenda na kuku mkononi, maana mke aliyetamka jina la baba mkwe hulipa kuitakasa heshima. Mzee hakumpokea kuku.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilimpa mtoto jina langu kwa majivuno, likamfungia mlango. Kuanzia leo wake wa wanangu waliseme, waliimbe wakitaka. Sitaki limdhuru mtu tena."

Limi alikuwa ameinama nje ya mlango kama desturi inavyotaka. Aliyasikia maneno hayo, akalia, na wote wakadhani ni kwa shukrani.

Guku alirudi Novemba. Alirudi na magwanda ya jeshi, na sikio la kushoto halisikii kwa sababu ya mizinga. Askari wenzake walikuwa wamempeleka kwa padre akabatizwa, akaitwa Emilian. Mama yake alimweleza habari ya karatasi siku ile ile aliyofika, akamweleza kama alivyoelezwa yeye: mzee alikaa mbele, jina halitamkiki, Limi akasahau. Guku alisikiliza akimgeuzia sikio lizima. Kisha akavuka ua mpaka kwa babu yake, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Shikamoo, guku."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu, kaa."

"Sikai. Nimekuja kukwambia lile jina lako nimekurudishia. Kuanzia leo naitwa Emilian."

Limi alikuwa jikoni kwake, hatua chache tu. Alisikia kila neno, akashikilia mwiko mpaka ugali ukaungua. Sentensi moja ingetosha. Alikuwa nayo mdomoni, imekamilika, na aliibana kwa meno kwa sababu Matiasi alikuwa uani, na Kazimili, na Nshoma, na alishindwa kufikiria nyuso zao zikimgeukia. Wiki haikuisha Guku akaenda Rusumo kulinda daraja, hakurudi tena.

Mvua za masika za mwaka uliofuata zilimkuta mzee kitandani. Asubuhi moja Limi alipompelekea uji, alimwambia alete ile karatasi ya kwanza, ya tangi na bweni, amsomee tena. Limi akaenda kuileta. Akakaa kando ya mlango, uso ameuelekeza uani, akaisoma. Alipofika namba tisa alilitaja jina, kwa kuwa alikuwa ameruhusiwa.

"Tulikusanyika tarehe ngapi siku ile?" mzee aliuliza.

"Ishirini na mbili Februari, baba."

"Na mwisho wa kuripoti?"

"Tarehe kumi Machi."

Limi alimsikia akihesabu kwa sauti ya chini, kwa Kisukuma, kidole baada ya kidole, akimaliza vidole vya mkono na kuanza upya.

"Kumi na sita," alisema mzee. "Na kila asubuhi uliniletea uji, ukipita mlangoni kwa Nshoma. Mara kumi na sita." Akapumzika. "Hukusahau."

"Sikusahau, baba."

"Ilikuwa kwa ajili ya Matiasi?"

"Ndiyo."

Mvua ilikuwa inapiga kwenye nyasi za paa. Mzee alijigeuza kitandani.

"Basi liache kwangu," alisema hatimaye. "Mimi ni mtu wa kuondoka. Wewe na Nshoma mna ua mmoja, watoto wenu ni damu moja. Ukimwambia, nyumba hii itavunjika hata sijaoza."

"Na Guku, baba? Anakuchukia kwa kosa langu."

"Ameshanichukia. Sitaki aanze na wengine. Lete uji."

Angekataa. Angeinuka pale pale akamwita Nshoma, akamtumia mtu Rusumo, akamrudishia mzee yule mjukuu wake kabla hajafumba macho. Badala yake alimsogezea bakuli, akajisikia ametuliwa mzigo. Kwa miaka yote iliyofuata hakuna alichojutia kama ile nafuu ya asubuhi ile. Siku kumi na sita alizisamehe nusu kwa wivu wa mama. Ile nafuu hakuwahi kuipatia jina.

Mzee Malongo alifariki baada ya wiki tatu. Bulugu alimtuma mtu Rusumo akamwite mwanawe. Kwa siku mbili waliyaahirisha maziko wakimngoja, na siku ya tatu mtu akarudi peke yake na barua. Waombolezaji walikuwa wamekaa uani, kaburi limeshachimbwa. Nshoma aliipokea bahasha, akaigeuza huku na huku, akaipeleka moja kwa moja kwa Limi.

"Soma, wasikie wote," alimwambia. "Huenda anasema yuko njiani."

Limi akaifungua. Ilikuwa ya mistari minne, kwa mwandiko mzuri, wa mtu aliyefundishwa kukalisha herufi kwenye mstari. Akasoma, bila kuruka neno, kwa sauti yake ile ile ya mbele ya ghala.

"Nimepata habari. Sitakuja. Aliyenifungia mlango wa shule mtamzika ninyi wenyewe. Wasalimieni mama na mayu Limi, aliyenifundisha kuandika. Emilian Bulugu."

Karatasi ikamtoka mkononi, na kilio kikamshika kilichowashtua hata waliozoea misiba. Nshoma, mama wa mtoto mwenyewe, alipiga magoti karibu yake, akamkumbatia, akamfuta uso kwa khanga yake mwenyewe.

"Usilie hivyo, Limi," alimwambia. "Si kosa lako. Lilikuwa jina tu."

Limi akaitikia kwa kichwa.